Kabla ya Kumwita Binti Mbele

Katika makanisa yetu mengi uko utaratibu ambao sote tunaujua, ingawa hatupendi kuuzungumzia. Binti ambaye hajaolewa akionekana ana mimba, jina lake hufikishwa kwenye baraza la wazee wa kanisa, naye hutengwa. Hashiriki tena Meza ya Bwana, haimbi kwaya, na mara nyingi mtoto wake husubiri ubatizo mpaka mama atubu mbele ya watu wote na kurudishwa kundini.

Mimi sina ugomvi na nidhamu ya kanisa. Kundi lisilo na nidhamu hutawanyika. Nauliza tu, ni nani hao wanaoketi kuhukumu, na je, wamejitazama kabla ya kuketi?

Tumbo halifichiki. Lakini yule wa pili, ambaye bila yeye mimba isingekuwapo, hana tumbo la kumshtaki. Huendelea kuimba besi, na pengine (Mungu atusamehe) yumo ndani ya baraza lenyewe, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Mzee aliyemdhulumu mjane shamba naye hana tumbo. Bwana na bibi wanaomcheleweshea mtumishi wa ndani mshahara wake miezi mitatu hawana tumbo. Ni lini ulisikia mmoja wa hao akitengwa?

Hebu ndugu msomaji ufungue Mwanzo sura ya 38. Sura hiyo haihubiriwi mara kwa mara, na sababu naielewa. Yuda mwana wa Yakobo alimwoza mwanawe wa kwanza mke aitwaye Tamari. Mwana yule akafa, na wa pili aliyemrithi mjane akafa pia. Yuda akamwahidi Tamari kwamba atampa wa tatu, Shela, akikua. Shela akakua, ahadi ikasahauliwa. Ndipo Tamari akajifunika uso akaketi kando ya njia iendayo Timna. Baba mkwe akapita, akamdhani kahaba, akalala naye, akamwachia rehani: muhuri, kamba na fimbo yake.

Baada ya kama miezi mitatu Yuda akaletewa habari kwamba mkwewe ana mimba ya uzinzi. Tazama hukumu ilivyotoka upesi! Atolewe nje, achomwe moto. Hakuuliza mimba ni ya nani. Angeuliza, huenda angeikumbuka ile fimbo ambayo haikurudi nyumbani. Tamari alipokuwa akitolewa ndipo akatuma vile vitu vitatu kwa mwenyewe. Nampa Yuda heshima yake hapa: hakukana, wala hakusema fimbo ziko nyingi. Alikiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye, akalitaja na kosa lake mwenyewe, kwamba alimnyima Shela. Na Mathayo, alipoandika ukoo wa Yesu, hakumficha Tamari. Yumo katika mstari wa 3 wa sura ya kwanza.

Vivyo hivyo yule mwanamke wa Yohana 8. Torati, katika Walawi 20:10, iliwataka wote wawili, mwanamume na mwanamke. Wale walimu wa sheria walijua mstari huo kuliko sisi. Basi mwanamume alikuwa wapi? Mtu hafumaniwi katika uzinzi akiwa peke yake. Na walipoanza kuondoka mmoja mmoja, Yohana anaeleza kwamba walitangulia wazee.

Wako watakaoniambia, "Basi unataka tusimkemee mtu yeyote." Hapana. Katika Mathayo 7 Yesu hakusema kibanzi kiachwe jichoni mwa ndugu. Alisema boriti itoke kwanza, ndipo mtu aone vizuri. Wasomaji wa bara ambao hawajaishi pwani watambue ukubwa wa neno hilo: boriti ni mti wa mkoko unaobeba dari, ule uliokuwa ukipakiwa majahazini Rufiji na Lamu kupelekwa Uarabuni kujengea nyumba. Mwenye kitu hicho jichoni hawezi kumtibu mtu, hata akiwa na nia njema.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyoyagawa Maandiko. Akikosa maskini, tunasoma 1 Wakorintho 5, kwamba mwovu aondolewe. Akikosa tajiri aliyetoa mabati ya kanisa, ghafla tunakumbuka kwamba imeandikwa tusihukumu.

Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba wanaweza kurudi shuleni. Kwa hiyo leo binti huyo anaweza kuketi dawati la mbele Ijumaa, na Jumapili akaketi benchi la nyuma kanisani kwao.

Ombi langu kwa mabaraza ni dogo. Siku jina la binti linapoletwa, mchungaji afunge mlango na kuwauliza waliomo, mmoja baada ya mwingine, kama yupo anayepaswa kutoka kikaoni. Kisha waulize mimba ni ya nani, na mwanamume huyo aitwe siku ileile, awe mwanakwaya au awe mwana wa mzee. Kikao kikiisha bila yeye kuitwa, jina la binti lisisomwe Jumapili hiyo.