"Na Wewe": Filamu Fupi Yenye Somo kwa Wafanyakazi



Wengi wetu tukisikia kwamba Mzungu ametengeneza filamu juu ya vita vya Burundi, hatuoni sababu ya kupoteza wakati. Tumechoka na picha zinazotuonyesha kama watu wasiojua kazi nyingine ila kuuana. Na mtengenezaji akiwa Mbelgiji, tunakumbuka kwamba ni utawala wa Kibelgiji uliowaondoa machifu Wahutu katika miaka ya 1930, mbegu tuliyoivuna kwa machozi. Kwa hiyo sikutazamia lolote kutoka filamu ya Na Wewe, aliyoitoa Ivan Goldschmidt mwaka 2010. Ni ya dakika 19 tu. Jina lake ndilo lililonivuta, maana kwa Mswahili halihitaji mkalimani.

Dakika hizo 19 zilinitoa machozi, na sababu yake inakihusu chama chetu.

Hadithi ni ya mwaka 1994. Waasi wenye bunduki wanasimamisha basi dogo na kuwateremsha abiria. Kiongozi wao anaamuru: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Hapo ndipo kazi inapomshinda. Abiria wana maelezo juu ya baba, mama na ukoo, na mstari haunyooki. Unacheka, kisha unaona haya kwamba umecheka, kwa kuwa kila jibu pale ni uhai wa mtu.

Waliokaa mitaa ya kaskazini ya Bujumbura mwaka 1994 na 1995 wanalijua jambo hili. Mtu wa Kinama kwenda mjini ilimpasa kupita karibu na Ngagara, na wa huko naye aliogopa kwetu. Wapo walioacha kazi za miaka mingi kwa kuogopa njia.

Kilichonigusa zaidi ya bunduki ni wale abiria wenyewe. Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa watu waliobanana katika basi moja, kila mmoja na safari yake. Swali moja likatosha kuwagawa.

Ndugu, swali hilo halikufa na vita. Siku hizi linakuja kwa sauti ndogo, tunapochagua wajumbe au mwenzetu anapoachishwa kazi: "Ni wa kwetu, au ni wa kwao?" Tajiri ana haja gani ya kuvunja mgomo, ikiwa sisi wenyewe tumekwisha jipanga pande mbili?

Watasema wengine kwamba hata Katiba inahesabu makabila. Ni kweli. Katiba ya 2005 na ile ya 2018 zinagawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa 40, ili kundi moja lisilimeze jingine. Hiyo ni kinga katika utawala. Lakini mshahara mdogo haujui 60 wala 40, unatubana sote.

Filamu hii iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2011, haikushinda. Si neno. Wahenga walisema: mgeni aje, mwenyeji apone. Basi kila tawi liionyeshe katika mkutano wake, na wanachama waizungumze bila kuogopana. Na fomu ya kujiunga na chama iulize jina, kazi na mahali pa kazi. Zaidi ya hapo isiulize kitu.