Santuri Si Kitu cha Ziada

"Mzee, hizi sahani nyeusi ni za nini?"

Aliyeuliza ni kijana wa dodoso, mpole tu, koti la shirika mwilini na kishikwambi mkononi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kijijini kwetu hapa Nyarugusu akihesabu vyombo: sufuria ngapi, ndoo ngapi, neti ngapi. Nikamwambia ni santuri. Akaitazama gramafoni yangu (sisi wa Kivu tunaiita pikap), akaitazama paneli ya sola kule juu, akabonyeza kitu. Nikamuuliza ameandika nini. Akajibu kwa haya kidogo: "Humu mna sehemu mbili tu, Mzee. Vitu vya lazima na vitu vya ziada."

Basi santuri zangu 11 zikaingia kwenye ziada.

Hazikupita wiki mbili, mwanangu akaja na simu. Alikuwa ameipiga picha santuri mojawapo akairusha mtandaoni, na mtu wa Ulaya ameiona. Anatoa dola 80. Ila ana sharti: kuanzia leo isipigwe tena, hata mara moja, maana kila sindano ikipita bei inashuka. Majirani waliposikia, weee! "Mwalimu, uza! Posho imekatwa, wewe unalala na dola 80 ukutani?"

Sijauza. Ninaandika ili nieleze kwa nini, na pia nigombane kidogo na wote watatu: kijana wa dodoso, mnunuzi wa Ulaya, na ninyi majirani zangu. Msinichukie. Ninachosema ni kwamba wote mmefanya kosa moja. Mmehesabu santuri kama mtu anavyohesabu mabati. Hakuna aliyesema, "Ebu iweke tusikie."

Tuanze na hilo la "ziada", kwa sababu nyuma yake kuna wazo kwamba muziki huu ni wa watu walioshiba. Siyo kweli. Jazi ya aina hii, ambayo Wamarekani wanaiita soul jazz, ilikua miaka ya 1950 na 1960 kwenye baa za mitaa ya Wamarekani weusi, Philadelphia, Newark, Chicago, kwa watu waliotoka kazini wamechoka. Na kabla ya baa ilikuwa kanisani. Kinanda cha Hammond kilianza kuuzwa mwaka 1935, na makanisa mengi yalikinunua kwa sababu hayakuweza bei ya kile kinanda kikubwa cha mabomba. Jimmy Smith, kijana wa Pennsylvania, alikichukua, akakiweka ghalani, akajifungia na mazoezi karibu mwaka mzima. Alipotoka, mkono wa kulia ulikuwa unaimba, mkono wa kushoto na miguu vinapiga besi. Wenye baa wakafurahi: unalipa watu watatu tu, wa kinanda, wa gitaa na wa dramu, unapata sauti ya bendi nzima. Huo ndio uchumi wa muziki huu. Ni uchumi wa watu wa kubana matumizi, kama sisi.

Santuri za kwanza za Jimmy Smith kwa jina lake zilitoka mwaka 1956. Mwaka huohuo kule Léopoldville Franco na wenzake walianzisha OK Jazz. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nasema wazee wetu hawakuliona neno jazi kuwa la wazungu wala la matajiri. Walilibandika kwenye majina ya bendi zao, na Watanzania nao wakafanya hivyo Tabora, Morogoro na Dar es Salaam. Na mwaka 1974, lilipofanyika lile tamasha kubwa la Kinshasa kabla ya pambano la Ali na Foreman, The Crusaders walipanda jukwaani. Hao ni watu wa muziki huuhuu. Miaka michache nyuma walikuwa wanaitwa The Jazz Crusaders.

Kama bado unadhani uko mbali na wewe, njoo usikie "Moanin'" ya Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, ya mwaka 1958. Aliyeitunga, mpiga piano Bobby Timmons, alilelewa na babu yake mchungaji. Piano inasema neno, tarumbeta na saksafoni zinaitikia. Mama mmoja wa kwaya, jirani yangu, alipoisikia mara ya kwanza aliacha kuchambua maharage akasema, "Hao wanaitikia Amina." Hakuna aliyemweleza. Alisikia mwenyewe.

Sasa nije kwenu, wenzetu wa mashirika. Santuri nyingi za jazi hii zilitolewa na kampuni ndogo ya New York iitwayo Blue Note, iliyoanza mwaka 1939. Mnajua ni akina nani walioijenga? Alfred Lion, Myahudi wa Berlin aliyeiacha Ujerumani ya Hitler, na rafiki yake wa utotoni, Francis Wolff, mpiga picha, aliyeponyoka mwaka huohuo wa 1939 vita vikiwa vimeshaanza. Wakimbizi. Hawakuwa wanamuziki. Walikuwa na masikio tu, na mapenzi. Kwa miaka mingi hata studio yao wenyewe hawakuwa nayo: mpima macho mmoja, Rudy Van Gelder, ndiye aliyewarekodia kwenye sebule ya wazazi wake, mji wa Hackensack. Ebu fikirini kama siku wanashuka melini angekuwepo mtu wa dodoso. Mapenzi ya santuri angeyaandika sehemu gani?

Sisemi neti si muhimu. Watoto wangu wamelala ndani ya neti zenu, na nashukuru. Nasema fomu yenye sehemu mbili inamfundisha kijana mpole kumwona mtu kama tumbo lenye kadi. Halafu inakuwa mbaya zaidi: watu wanaanza kuficha. Nina rafiki aliyefunika gitaa lake kwa magunia siku ya dodoso, akiogopa kuonekana "anajiweza". Tumefika mahali mtu anaona aibu kukutwa na gitaa.

Zamu ya mnunuzi wa Ulaya. Na hapa niwe mkweli: wakusanyaji wametusaidia. Wasingekuwepo watu wa kuokota santuri kwenye vumbi la magulio na maghala, nyingi zingekuwa zimeshakuwa takataka. Kutunza ni kazi, na mimi pia natunza: nafuta vumbi kwa kitambaa laini, nazisimamisha wima zisipinde kwa joto, mtoto hagusi mistari kwa vidole. Lakini kuna mkusanyaji aliyepotea njia. Santuri za zamani za Blue Note, zile za kabla ya katikati ya 1966, zina alama ndogo iliyochongwa karibu na karatasi ya katikati, imekaa kama sikio. Ni alama ya kiwanda kilichozichapa. Wanunuzi wanaitafuta kwa tochi, maana inapandisha bei. Ikishapatikana, santuri inavishwa plastiki, inapandishwa rafuni, imekwisha. Ana sikio kwenye santuri, lake mwenyewe hana kazi nalo.

Santuri anayoitaka ni "Song for My Father" ya Horace Silver. Kwenye jalada kuna mzee wa kofia, sigara kubwa mdomoni. Ni baba yake Horace, mtu wa kisiwa cha Maio, Cape Verde, aliyehamia Marekani. Mwafrika aliyevuka bahari, na mwanawe akamwekea wimbo.

Baba yangu alikuwa karani wa duka Uvira. Mwaka 1973, serikali ya Zaire ilipotangaza kuchukua biashara za wageni, mwenye duka alifungasha akaondoka, akamwachia baba katoni ya santuri 23. Mwaka 1996 vita vilipofika, mzee alichagua 14 asubuhi moja, akazibana katikati ya masinia mawili, akafunga kwa kamba ya katani, tukaingia ziwani. Mama alimgombeza njia nzima. Picha zetu za ukutani zilibaki zote. Baba alifariki hapa kambini, na mimi picha yake sina. Nina yule mzee wa kofia. Yule wa Ulaya akisema nisiipige tena, ananiambia nini hasa?

Mwisho, majirani. Mnasema, "Mwalimu, hizo nyimbo zote ziko kwenye simu." Ni kweli, nyingi zipo. Mnazisikiliza? Bando likiisha wimbo unakatika katikati, na likiwepo kila mtu ana waya wake sikioni, watu sita benchi moja, hakuna anayejua mwenzake anasikia nini. Santuri haina ujanja huo. Upande mmoja ni kama dakika 20. Lazima mtu anyanyuke, aigeuze kwa mkono, aweke sindano taratibu. Mkiwa kumi, mtasikia kitu kimoja nyote kumi, na akipiga kosa mpiga dramu mtacheka pamoja. Vijana wawili wa zoni yetu hawakuwa wanasalimiana kwa sababu ya mambo ya makabila yetu kule nyumbani. Sasa wanabishana kama Jimmy Smith anatumia miguu yote miwili au mmoja. Mimi naona ni maendeleo.

Na njaa? Hamjaniuliza, lakini najua mnaiwaza. Mwaka 2009 mke wangu alilazwa, nikaenda Kigoma nikauza santuri tatu kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana zimebaki 11. Sikulia, na leo mtoto akiumwa nitauza nyingine, hata ile ya mzee wa kofia. Santuri haizidi mtu. Sitaki kijana yeyote asome makala hii akadhani namshauri alale njaa ili awe msanii. Ninachokataa ni kuambiwa niuze kwa sababu eti mkimbizi na santuri wapi na wapi. Nikiuza, nitakuwa nimeuza kitu cha lazima kwa ajili ya kitu cha lazima zaidi. Iandikwe hivyo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni kwa mashirika: ongezeni mstari mmoja kwenye dodoso, "Nyumba hii inapiga, inaimba, inasoma au inasikiliza nini?", na jibu lisimpunguzie mtu hata kilo moja. La pili, mtupe ukumbi wa jamii, wenye umeme, saa mbili tu kwa wiki. Semina za kujenga amani zina bajeti ya soda. Sisi soda hatuhitaji.

Wakati tunasubiri majibu, gramafoni iko kwangu. Jumamosi saa kumi jioni, jua likiwa bado linachaji betri, tunaanza na "Moanin'", halafu mzee wa kofia, pande zote mbili. Kijana wa dodoso nimeshamwalika, amesema atakuja akitoka zamu. Viti sina vya kutosha. Njoo na kigoda chako.