Timu Ndogo za Mpakani: Historia Isiyoandikwa Itatugharimu Viwanja

Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tangu siku hiyo, gumzo la kabumbu katika nchi zetu limekuwa ni gumzo la viwanja vikubwa: Kasarani, Namboole, Benjamin Mkapa. Si vibaya, mgeni akija sebule hupambwa. Hata hivyo, nawauliza wanafunzi wangu na wasomaji wote wa ukurasa huu: nani anaandika historia ya viwanja vidogo? Nani ameandika habari za timu za mwanzo za Busia na Tororo, zilizocheza juu ya nyasi kavu, magoli yakiwa miti miwili na mwamba wa kamba?

Msimamo wangu ni huu. Historia ya timu ndogo za miji yetu ya mpakani ni sehemu ya elimu ya uraia, na ni wajibu wa vijana wa leo kuiandika kabla wazee wanaoikumbuka hawajatutoka. Tukiipuuza, tutapoteza kumbukumbu, na pamoja nayo tutapoteza somo la namna watu wa kawaida walivyojitawala. Huenda tukapoteza hata ardhi yenyewe ya viwanja.

Tuanze na yale yanayojulikana. Kabumbu iliingia Uganda mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari, na upande wa magharibi ya Kenya ilistawi katika shule za misheni. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliongozwa kuanzia 1928 hadi 1940 na Edward Carey Francis, mwalimu wa hisabati aliyeupenda mpira kama alivyozipenda hesabu. Vijana waliotoka katika shule za namna hiyo waliurudisha mchezo vijijini pamoja na vitabu vyao. Kwa jumla, timu za mwanzo za Afrika Mashariki zilizaliwa shuleni, misheni, katika karakana za reli, kwenye kambi za polisi na magereza. Mji wa Tororo ulikuwa na mambo hayo yote. Reli iliyotoka pwani ilipitia hapo kabla ya kufika Kampala mwaka 1931, na tawi lake likaelekea Soroti. Katika miaka ya 1950 kikajengwa kiwanda cha saruji, kikavuta wafanyakazi wa makabila mengi. Palipo na mshahara, saa ya kutoka kazini na eneo tambarare, mpira hauchelewi kufika.

Sasa tuutazame mpaka. Hadi mwaka 1902, eneo kubwa tunaloliita leo magharibi ya Kenya lilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo likahamishiwa upande wa pili kwa kalamu ya wakoloni. Mwaka 1926 Serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyoeleza mpaka kwa kufuata alama kama vile mto Sio na mto Malaba. Wasamia wakajikuta huku na huku, na Wateso vilevile. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1926 ndipo Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji sabuni aliyelidhamini. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949, na mashindano hayo ndiyo mzizi wa Kombe la Chalenji la leo. Basi katika mwaka mmoja, ndugu walichorewa mstari kati yao, kisha nchi zao zikapewa kombe la kushindania.

Mstari huo ulikuja kuwa mzito zaidi baada ya uhuru. Kenya ilianza ligi yake ya taifa mwaka 1963, Uganda ikaanza yake mwaka 1968. Kwa kanuni za soka duniani, klabu hucheza ligi ya chama cha nchi yake. Timu ya Busia ya Kenya na timu ya Busia ya Uganda, ambazo wachezaji wake wanaweza kusikia kipenga cha refa wa upande wa pili, haziwezi kukutana katika ligi moja. Zikikutana, ni katika mechi ya kirafiki. Hata urafiki huo ulitikiswa na siasa. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na Desemba 1987 vikosi vya usalama vya nchi hizi mbili vilifyatuliana risasi hapohapo Busia na mpaka ukafungwa. Vitabu vya historia vimeandika madai ya marais na milio ya bunduki. Ni nani ameandika mechi ambazo hazikuchezwa kwa sababu ya mambo hayo?

Kuna sura nyingine ya habari hii, nayo imo Nairobi. Watu wa magharibi waliokwenda mjini kutafuta kazi walianzisha timu kwa majina ya nyumbani: Samia, Marama, Bunyore, Kisa na nyinginezo. Mwaka 1964 timu hizo ziliungana zikawa Abaluhya, klabu iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1966 na 1967. Angalieni maana yake. Mmojawapo wa mizizi ya klabu kubwa ya Kenya ni timu iliyobeba jina la watu ambao nusu ya nchi yao iko Uganda. Karibu na mwaka 1980 serikali ilipoagiza vyama viache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina kubwa lilibadilika, likaendelea kuandikwa magazetini. Majina madogo yaliyoliunda yamebaki kutajwa kwa pumzi moja, kama ya wageni waliopita njia.

Hapa wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: kwa nini tufukue timu za kikabila wakati tunajenga utaifa? Nami najibu kwamba kuijua historia si kuirudia. Vyama hivyo vilikuwa shule ya uraia katika zama ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kupiga kura. Ndani ya chama cha timu, fundi wa reli na karani walichagua mwenyekiti na mweka hazina, wakachangishana senti za jezi, wakaandika katiba, wakamtoza faini aliyechelewa na kumwondoa aliyekula fedha. Aliyejifunza kuuliza ziko wapi fedha za mpira hakushindwa baadaye kuuliza ziko wapi fedha za kodi. Zaidi ya hayo, timu ya mji wa mpakani ilikuwa vigumu kuwa ya kabila moja. Mjopadhola, Mteso, Msamia na Mluo wakivaa jezi moja, lugha ya kuitana uwanjani lazima iwe ya wote, na mara nyingi lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Haya nayo ni sehemu ya historia ya lugha mnayojifunza.

Wengine watasema vijana hawajali. Darasani nikiuliza kikosi cha kwanza cha Arsenal, mikono huinuka kama mtama shambani. Nikiuliza jina la timu moja iliyocheza katika mji wao miaka arobaini iliyopita, kimya hutanda. Lakini kimya hicho si cha kutojali. Mtoto hawezi kukumbuka asichosimuliwa. Chukueni mfano wa neno bodaboda. Leo linatumika Afrika Mashariki nzima, na wengi wanajua kwamba asili yake ni waendesha baiskeli wa mpaka huu, waliobeba abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine huku wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka. Historia ya baiskeli hizo imedumu kwa sababu watu waliisimulia. Timu zetu zimekosa wasimulizi tu.

Wenzetu wa mbali wametuonyesha njia. Marekani, mwaka 1971, watu 16 wapenda besiboli walikutana katika mji mdogo wa Cooperstown wakaanzisha chama cha utafiti wa mchezo huo. Wanachama wake, wengi wakiwa si wanahistoria kwa kazi, wamepekua magazeti ya zamani na kurejesha habari za timu za ligi ndogo zilizochezea miji isiyojulikana: nani alicheza, nani alishinda, uwanja ulikuwa wapi. Kwetu magazeti ya miji midogo yalikuwa haba, hivyo maktaba yetu ni vinywa vya wazee. Tofauti ni kwamba gazeti husubiri kabatini, mzee hasubiri.

Nimesema kwamba kuna ardhi ya kupotea, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Miji ya mpakani inakua kwa kasi. Kila kipande kilicho wazi kina mtu anayekitamani kwa duka, ghala au maegesho ya malori. Uwanja usio na hati hulindwa kwanza na kumbukumbu. Siku mtu atakapodai kwamba pale hapakuwahi kuwa na kitu, atakayemjibu ni yule mwenye picha ya timu ya mwaka fulani, yenye miti ileile nyuma yake, na majina yameandikwa kwa mkono nyuma ya picha. Bila ushahidi wa namna hiyo, neno letu litakuwa dhidi ya ukuta uliokwisha kujengwa.

Sheria haiko mbali nasi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni, na jedwali hilohilo limezikabidhi maktaba. Kwa hiyo Kaunti ya Busia haihitaji ruhusa ya Nairobi ili kutenga rafu moja ya maktaba kwa ajili ya kumbukumbu za timu zake. Uganda nayo ilipata Sheria mpya ya Taifa ya Michezo mwaka 2023. Raia anayejua kazi ya kila ngazi ya serikali hujua mlango wa kubisha.

Lakini tusisubiri serikali. Katika likizo ijayo, kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, kwa kuwa akina mama waliofua jezi na kuuza vyakula pembeni mwa uwanja wanakumbuka mengi. Msalimie kwa shikamoo, umwombe ruhusa ya kuandika, kisha umwulize: Timu iliitwaje? Jezi zilikuwa za rangi gani, na nani alizinunua? Mlisafiri kwa nini? Mlivuka mpaka? Uwanja ulikuwa wapi, na leo pana nini? Andika anavyosema, bila kumsahihisha. Ukiona picha au kombe, piga picha na umrudishie mwenyewe chake. Kisha tafuta mzee wa pili, kwa maana shahidi mmoja hatoshi.

Mwaka 2027 wageni wataijua Afrika Mashariki kwa viwanja vyake vikubwa. Wengi wa watakaowashangilia walianza kuupenda mpira katika viwanja vidogo kama hivi vya mpakani. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Tuiandike asili yetu ya mpira, kwa Kiswahili fasaha, tena sasa.

Msamiati wa leo

Gozi: mpira wa miguu, asili yake ni ukubwa wa neno ngozi.
Mwamba: mti au chuma cha juu kinachounganisha nguzo mbili za goli.
Kipenga: filimbi ya refa.
Maegesho: mahali pa kuweka magari.

Maswali ya kutafakari

1. Mwandishi anatoa sababu gani tatu za kuandika historia ya timu ndogo? Ipi ina nguvu zaidi kwako?
2. Je, ilikuwa haki kuvitaka vilabu viache majina ya kikabila? Toa hoja za pande zote mbili.
3. Tunga maswali matano ambayo ungemwuliza mzee wa mji wako kuhusu uwanja wa zamani.