Simu na kompyuta zikisawazishwa bila waya

Juma lililopita baba mmoja alitujia na kompyuta yake kwapani, akatuomba tumrudishie sauti ya mama yake. Bibi huyo alifariki mwaka jana. Alipokuwa hai, mwanawe alimkalisha barazani jioni nyingi, akatia ndani ya simu hadithi za ukoo na majina ya mababu. Kwa kuogopa simu isije ikaibwa, aliiunganisha na kompyuta kwa Wi-Fi, ili kila kilichomo simuni kiwemo kompyutani pia. Basi akalala usingizi mzuri. Siku moja simu ikajaa, na kijana wake akafuta «vitu vya zamani» apate nafasi ya muziki. Jioni ile simu ilipoiona Wi-Fi ya nyumbani, kompyuta nayo ikafuta. Tulitafuta siku mbili, tukapata hadithi moja tu, ambayo alikuwa amempelekea dada yake.

Mashine ilitii amri iliyopewa. Kusawazisha maana yake ni kufanya vya huku na vya kule viwe sawasawa: kikiongezwa huku, kitaongezwa kule, kikifutwa huku, kitafutwa kule. Wengi husikia nusu ya kwanza tu, nao huita jambo hilo akiba.

Kwa kuwa mwatuuliza mara nyingi njia ya kufanya kazi hii, tueleze programu moja tunayoitumia sisi wenyewe. Yaitwa Syncthing, ilianza kutolewa mwaka 2013, nayo ni ya bure. Vyombo viwili vikiwa katika Wi-Fi moja, faili hupita moja kwa moja kutoka simu hata kompyuta, wala kifurushi cha Intaneti hakiliwi kwa kazi hiyo. Intaneti yahitajiwa siku ya kupakua programu yenyewe. Asiye na kisanduku cha Wi-Fi nyumbani aweza kuomba simu ya mwingine itoe Wi-Fi, kisha simu yake na kompyuta ziingie humo. Lakini mwenye simu hiyo azime data kwanza, maana kompyuta ikiona Intaneti hupenda kujipakulia mambo yake yenyewe, na mwenye kifurushi ndiye atakayelia! Kwenye Android, programu ya asili iliachwa Desemba 2024. Siku hizi hutumiwa ile iitwayo Syncthing-Fork.

Kompyutani programu hufunguka katika kivinjari, kwa anwani 127.0.0.1:8384. Kila chombo kina kitambulisho chake, herufi na tarakimu 56 katika mafungu 8. Usijisumbue kukiandika kwa mkono: kompyuta hukionyesha pia kama picha ya madoa meusi, na kamera ya simu huisoma mara moja. Kisha kompyuta itauliza kama waikubali simu hiyo, ikubali. Chagua simuni folda ya picha au ya sauti, uishirikishe na kompyuta, nayo itakuuliza iiweke wapi.

Hapo ndipo wengi hufunga kompyuta wakashangilia. Ngoja kwanza. Fungua mipangilio ya folda hiyo kompyutani, utafute sehemu ya kuhifadhi matoleo ya faili. Isipoguswa, hakuna linalohifadhiwa. Chagua ile aina ya kapu la taka, na penye idadi ya siku andika 0, yaani visitupwe kamwe. Tangu saa ile, faili iliyofutwa simuni itahamishwa kompyutani hata folda iliyofichwa, jina lake .stversions. Fahamu kwamba kapu hilo hupokea tu yale yaliyofutwa au kubadilishwa na chombo kingine. Ukifuta wewe mwenyewe papo hapo kompyutani, halikusaidii. Kwa hiyo sauti za wazee zinakiliwe pia katika flashi, na flashi ikae kabatini, mbali na kompyuta.

Simu nyingi za Android hulaza programu ili kuokoa betri, na mtu hudhani kazi imeharibika. Iruhusu Syncthing ifanye kazi bila kuzuiwa na betri, au uifungue usiku simu ikiwa katika umeme.

Mwisho, jaribu kwa kitu kisicho na thamani. Piga picha ya ukuta, ngoja ifike kompyutani, kisha uifute simuni. Iruhusu kompyuta kuonyesha folda zilizofichwa, uingie katika .stversions. Picha ya ukuta ikiwamo, mwite bibi aje barazani.