Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Transkripti za Vijana Wetu Zisifungiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha fizikia hapa Emali, mpakani mwa Makueni na Kajiado, pale barabara ya Oloitokitok inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa. Darasani mwangu hawakosekani wanafunzi wachache wanaolipenda somo hili kiasi cha kwenda kulisomea shahada. Wazazi huuza mbuzi, huuza ndengu, huitisha harambee, na mtoto anahitimu. Baada ya hapo ndipo ninapoanza kupigiwa simu, na simu hizo ndizo zilizonisukuma kukuandikia.

Vijana hawa wanauliza habari za uzamili na uzamifu ng'ambo. Wengi wameaminishwa kwamba huko ni kwa watoto wa matajiri. Katika fizikia si hivyo. Idara nyingi za fizikia za Marekani humpokea mwanafunzi wa kigeni katika uzamifu akiwa na shahada ya kwanza tu, humwondolea karo, kisha humlipa posho kila mwezi kwa kusimamia maabara za wanafunzi wa shahada au kusaidia utafiti. Mtihani wa GRE wa fizikia, uliokuwa ukiwatoa jasho na pesa, idara nyingi zimeacha kuulazimisha tangu janga la korona.

Huko Trieste, Italia, kuna kituo cha fizikia cha ICTP. Mwanzilishi wake, Abdus Salam, alirudi kwao Pakistan mwaka 1951 kufundisha Lahore, akajikuta hana mwenzake wa kujadiliana naye utafiti. Mwaka 1954 aliondoka kwenda Uingereza, na uchungu wa kuchagua kati ya nchi yake na taaluma yake haukumtoka. Kituo alichokifungua mwaka 1964 kina diploma ya mwaka mmoja, baada ya shahada ya kwanza, kwa vijana wa nchi kama yetu, na wanaochaguliwa hugharimiwa. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Rwanda kina taasisi ya EAIFR iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo hicho hicho, na inafundisha fizikia hadi uzamifu. Mkenya huingia Rwanda kwa kitambulisho tu, bila hata pasipoti.

Nafasi zipo, Mheshimiwa. Kinachowakwamisha wanafunzi wangu ni transkripti.

Kijana mmoja niliyemfundisha alimaliza shahada yake vizuri sana. Baba yake aliugua akiwa mwaka wa nne, na deni la karo likabaki. Chuo chake kikakataa kumpa karatasi yoyote inayoonyesha alama zake mpaka alipe yote. Idara aliyotaka kuomba ilikuwa inafunga maombi mwezi Desemba, kama zilivyo nyingi za Marekani, na Desemba ikapita. Leo anaendesha bodaboda hapa stejini na kuweka akiba shilingi kwa shilingi. Posho ya miezi michache ya uzamifu ingelifuta deni lile lote. Tumemzuia asifike kwenye pesa, huku tukimdai pesa.

Najua vyuo vya umma vimelemewa na madeni. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, miezi ile ile ambayo mwombaji anahitaji mhadhiri amwandikie barua ya mapendekezo. Siombi karo isamehewe. Naomba uelekeze kila chuo kikuu cha umma kitume transkripti moja kwa moja kwa idara ambako mhitimu anaomba nafasi, pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza masomo, hata kama anadaiwa. Cheti chenyewe kinaweza kubaki kwa msajili. Deni liandikiwe mkataba, alilipe kwa awamu akianza kupata posho. Haya si mageni wizarani kwako: marehemu Profesa George Magoha, akiwa waziri, aliwaamuru walimu wakuu waachilie vyeti vya KCSE walivyozuia kwa sababu ya karo. Mhitimu wa chuo kikuu naye anastahili kutendewa hivyo.

Tena hili si jambo la familia moja moja. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa sababu siku ile tulikuwa tunasherehekea Jamhuri. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini waliokaa kuchambua data walikuwa Wamarekani. Sasa Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mradi wa darubini za redio wa SKA, unaojengwa Afrika Kusini na Australia. Huko watahitajika watu wenye uzamifu, na miaka ya kuwaandaa ndiyo hii. Hapa Ukambani penyewe, anayechimba kisima bila vipimo vya kijiofizikia anaweza kufukia pesa za kijiji kizima katika shimo kavu. Kazi hiyo nayo inamtaka mwanafizikia.

Kila idara ya fizikia iteue pia mhadhiri mmoja wa kuwaongoza wahitimu katika maombi haya, na saa anazotumia zihesabiwe kama kazi. Hilo ni jepesi na halihitaji bajeti mpya.

Waraka wa transkripti ukitoka kabla ya Oktoba, waombaji wa mwaka huu watawahi Desemba. Ukichelewa, yule kijana wa stejini atasubiri mwaka mwingine.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fizikia, Emali