Korona ikiingia kwenye nyumba ya wazee: wewe mhudumu ufanye nini?

Kama kazi yako ni kumwogesha mzee, kumnywesha uji, kumgeuza kitandani na kufua shuka zake, haya ninayoandika ni ya kwako. Huenda umeajiriwa kwenye makazi ya wazee ya Serikali kama Bukumbi kule Misungwi au Kolandoto mkoani Shinyanga. Huenda uko kwenye nyumba ya watawa. Au wewe ni dada wa kazi uliyeachiwa bibi na babu wa watu uwaangalie hapa Kirumba, watoto wao wakiwa Dar es Salaam. Kazi ni ileile, na hatari ni ileile.

Mimi ni muuguzi wa jamii. Siku zangu nyingi zinakwisha nikipanda vilima vyetu vya mawe kuwafuata wazee wenye presha, sukari au kiharusi, ambao hawawezi kushuka kituoni. Katika nyumba hizo nimeona jambo moja linajirudia: mzee hatoki, ugonjwa ndio unamfuata. Unamfuata na mtu aliyetoka mwaloni kununua dagaa, aliyebanana kwenye daladala, aliyelala chumba kimoja na watoto wenye mafua. Mtu huyo mara nyingi ni wewe. Sisemi hivi kukulaumu. Nasema kwa sababu usalama wa mzee unaanzia kwenye swali moja: ukiamka asubuhi unakohoa, unaweza kusema?

Mwanzoni mwa 2021 dada mmoja aliyekuwa akiwatunza wazee wawili alianza kukohoa siku ya Alhamisi. Akanyamaza, kwa sababu mara ya mwisho alipougua siku tatu zilikatwa kwenye mshahara wake. Jumatatu babu akakataa chakula. Akapimwa malaria, ikaonekana, akapewa dawa mseto, kila mtu akatulia. Jumatano akawa anapumua kwa shida, na kabla ya Jumapili tukawa msibani. Siku chache baadaye yule dada alinivuta pembeni akaniuliza, "Nesi, ni mimi?" Sikuwa na kipimo cha kumjibu. Hakuna aliyekuwa amepimwa, si yeye wala marehemu.

Tulikotoka

Kumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya Taifa ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, ikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka. Juni 2020 tukaambiwa ugonjwa umeondoka. Watu waliendelea kuugua, ila majina yakabadilika: ikawa nimonia, ikawa "changamoto ya kupumua". Tukajifukiza nyungu. Mambo yakaanza kugeuka baada ya Machi 2021, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani akizindua chanjo, siku nne baada ya kupokelewa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen.

Mengi yamesemwa kuhusu kipindi kile na sirudii. Ninachotaka ukione ni kilichompata mhudumu. Ugonjwa usiotajwa hauombewi ruhusa. Huwezi kumwambia bosi "naomba nikae nyumbani, nina korona" wakati korona haipo. Na kwetu Usukumani kuna jingine zito zaidi: vifo viwili vikifuatana katika nyumba moja bila sababu kujulikana, kuna watu wataanza kumtazama bibi mwenye macho mekundu. Wazee wameshauawa mikoa hii kwa tuhuma za namna hiyo. Kuutaja ugonjwa kwa jina lake ni sehemu ya kumlinda mzee, kama ilivyo kunawa mikono.

Hata chanjo ilipokuja, kundi la kwanza lilikuwa watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na zaidi, na wenye magonjwa sugu. Sawa kabisa. Lakini dada wa miaka 22 anayemlisha bibi kwa mkono wake mara tatu kwa siku hakuwemo. Kama hukuwahi kuchanjwa, ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na umuulizie na mzee. Chanjo haizuii kila maambukizi. Kazi yake kubwa ni kupunguza ugonjwa mkali na kifo.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Uviko si dharura ya dunia tena. Halikusema umekwisha. Virusi bado vinazunguka pamoja na mafua mengine, na mzee wa miaka 80 mwenye sukari hajawa kijana tangu siku ile.

Waliotutangulia walijifunza nini?

Februari 2020 korona iliingia kwenye kituo kimoja cha wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Wachunguzi walipochambua ilivyosambaa, kati ya sababu walizoandika ni kwamba wafanyakazi walikuwa wakiingia kazini wakiwa wanaumwa, na wengine walifanya kazi kwenye vituo zaidi ya kimoja. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi hiyohiyo, utafiti wa serikali uliotolewa Julai 2020 ulionyesha kwamba nyumba za wazee zilizowalipa wafanyakazi wakati wa ugonjwa zilikuwa na maambukizi machache kwa wazee kuliko zile zisizolipa. Zilizotegemea sana vibarua wa kuzunguka zilikuwa na maambukizi zaidi.

Soma tena hapo. Kilichomlinda mzee ni malipo ya mtu anayemhudumia. Sisi huku tulinunua ndoo za maji tiririka, tukabandika mabango ya barakoa, vyote vizuri, lakini sikumbuki kikao hata kimoja kilichouliza mhudumu akiugua atakula nini.

Sheria ipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Masharti ni kuwa umeshafanya kazi miezi sita na uwe na cheti cha daktari. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Najua wengi wenu hamna mkataba wa maandishi, na najua ni vigumu kumwonyesha mama mwenye nyumba kifungu cha sheria. Anza kwa upole, na anza ukiwa mzima: "Mama, nikipata mafua makali, nani atanishikia bibi, na siku hizo zitahesabiwaje?" Swali hilo ukiliuliza unapokohoa litaonekana ni kisingizio.

Mzee hauguzi kama wewe

Wewe ukipata korona utasikia homa, koo, kichwa na uchovu. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa. Utaona anasinzia mchana kutwa, amekataa chakula, anaita watu waliokufa zamani, au ameanguka akielekea chooni ilhali jana alikwenda mwenyewe. Watu husema "uzee huo". Mabadiliko ya ghafla, ya siku moja au mbili, usiyaite uzee. Yaite ugonjwa mpaka uambiwe vinginevyo.

Halafu malaria. Kanda yetu ina malaria ya kweli, na kumpima mzee mwenye homa ni sahihi. Ila kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, hakijasema korona haipo. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Ukiona dawa mseto imeanza na pumzi inazidi kuwa fupi, rudi kituoni usisubiri dozi iishe.

Ikishaingia ndani

Mwenye dalili apimwe ikiwezekana, na kama kipimo hakipo mchukulieni kama anao. Akae chumba chake kwa siku kumi tangu dalili zilipoanza. Nyumba zetu si kubwa, hilo nalijua. Kama chumba ni kimoja, tenganisha vitanda kadiri inavyowezekana na ufungue madirisha pande mbili upepo upite. Virusi hivi vinakaa hewani, hasa pale pasipopita upepo. Jioni utataka kufunga kwa sababu ya mbu. Shusha chandarua, dirisha liache wazi.

Mtu mmoja amhudumie mgonjwa, si wote kwa zamu. Kama ni wewe peke yako na wazee wawili, anza na yule mzima, umalizie na mgonjwa, kisha unawe kwa sabuni na ubadilishe nguo ya juu. Vaa barakoa inayobana puani kila unapomsogelea, naye avae ukiwa karibu kama anaweza kupumua vizuri. Mwenye kiharusi au anayesinzia usimvalishe. Wakati wa kumlisha barakoa yake inatoka, kwa hiyo ya kwako ibaki, na ukae ubavuni mwake badala ya kukabiliana naye uso kwa uso.

Mnyweshe kidogo kidogo mara nyingi: maji, uji mwepesi, mchuzi wa samaki. Wazee wengi huanza kuzidiwa kwa kukaukiwa maji. Mwinue kwa mito, usimwache amelala chali siku nzima. Dawa zake za presha na sukari ziendelee, isipokuwa kama hali kabisa: hapo uliza kwanza, kwa sababu dawa ya sukari kwenye tumbo tupu inaweza kumwangusha.

Kama kituo chako kina kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kitumie asubuhi na jioni na uandike namba kwenye daftari. Kidole chenye hina au rangi, au kilicho baridi, kinaweza kudanganya, jaribu kingine. Ikishuka chini ya 94, mpigie simu mtoa huduma. Ikiwa chini ya 90, au mzee anahema, midomo imebadilika rangi, hazinduki vizuri au analalamika kifua, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi. Ulizeni dirisha la wazee mkifika. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kuipiga.

Kuhusu dawa za dukani nitakuwa mkali kidogo. Antibiotiki haiui kirusi. Deksamethasoni ni kweli iliokoa watu, na utafiti wa 2020 ulithibitisha hivyo, lakini kwa wagonjwa waliohitaji oksijeni. Kwa mzee mwenye sukari anayepumua vizuri inaweza kupandisha sukari bila faida yoyote. Nyungu nayo haiui virusi mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na bibi mwenye mikono inayotetemeka ni ajali inayosubiri.

Na wewe?

Yule dada aliyeniuliza swali nilimjibu hivi: huenda ilikuwa wewe, huenda ilikuwa mjukuu aliyekuja Jumapili, huenda ilikuwa mimi, maana nami niliingia nyumba ile wiki hiyo na nilikuwa nimetoka kwa wagonjwa wengine. Alilia. Nilikaa naye mpaka giza likaingia. Kama umebeba swali kama lake, mtafute mtu wa kumwambia: muuguzi, mhudumu wa afya wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, kiongozi wako wa dini. Usilibebe peke yako usiku ukiwa zamu.

Bibi aliyebaki bado yuko, na yule dada bado anamtunza. Mwaka uliofuata tulikaa na mtoto mkubwa wa ile nyumba kwa simu, tukakubaliana mambo mawili: akiugua halipwi pungufu, na kuna jirani wa kumshikia. Jina la jirani na namba yake ya simu vimeandikwa kwa kalamu nyuma ya mlango wa jikoni. Mara ya mwisho nilipopita nilimkuta jirani ndiye anamlisha bibi. Dada alikuwa kwao, siku ya tatu, na mafua.