AKILI YA MUTOTO HAIPIMWI MARA MOJA TU



Wakati masomo inafunga na watoto wanarudi na karatasi ya poenti, maneno haya yanasikika katika nyumba nyingi: “Huyu iko na kichwa, yule hana. Feza haitoshi. Nani abaki ku masomo, nani aende kuchimba?” Muzazi mumoja aliniuliza vile wazi wazi. Mutoto wake wa pili alirudia kalasi mara mbili. Mbele ya kukata shauri kubwa namna hii, tujue kwanza: akili inapimwa namna gani, na nani alianza kuipima?

Neno hili lilianza Ufaransa. Mwaka wa 1904 Serikali ya kule iliweka watu watafute njia ya kujua watoto wenye kuhitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Mumoja wao aliitwa Alfred Binet. Yeye na munganga Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka wa 1905. Kilikuwa na kazi 30, kutoka nyepesi mpaka ngumu: kufuata moto wa kiberiti kwa macho, kurudilia hesabu zilizosomwa, kutaja vitu vya katika picha, kueleza maana ya maneno. Haikuwa kwa kufukuza mutoto. Ilikuwa kwa kumuona yule mwenye kubaki nyuma kusudi asaidiwe. Na katika kitabu chake cha mwaka wa 1909, Binet alipinga wale waliosema akili ya mutu haiwezi kuongezeka. Kwake, mafundisho na mazoezi yanaweza kuikomalisha.

Binet alikufa mwaka wa 1911, na wengine wakaendelea. Mwaka wa 1912 Mujeremani William Stern aligawanya miaka ya akili kwa miaka ya kuzaliwa. Mwaka wa 1916, Lewis Terman wa Marekani akazidisha kwa 100. Mutoto wa miaka 10 akijibu sawa na watoto wa miaka 8, alipewa 80. Njo hesabu wanaita QI. Leo wanahesabu ingine: mutu analinganishwa na wenzake wa umri wake, na 100 ni ya katikati.

Lakini angalieni jambo lililofuata. Katika vita ya kwanza ya dunia, kuanzia mwaka wa 1917, jeshi la Marekani lilipima waaskari zaidi ya 1.700.000. Maulizo mengine yalikuwa ya mambo ya inchi ile tu, kama michezo yao na vitu vya maduka yao. Mutu aliyefika juzi kutoka ngambo angejua wapi? Hata hivyo, wakubwa wengine walisema matokeo yale yanaonyesha kwamba mataifa fulani yana akili ndogo. Kipimo kilichoanzishwa kwa kusaidia kikageuka fimbo.

Na kwetu? Katika miaka ya 1950, André Ombredane, mwalimu wa chuo kikuu cha Brussels, alipima watu katika Kongo kwa michoro yenye kipande kilichokosekana. Mutu anachagua kipande kinachofaa. Watafuta-elimu wengine walifanya vile na watoto wa Katanga. Walipowapa watu wale wale michoro ile mara nyingine, poenti zilipanda. Akili haikuzaliwa usiku moja! Mara ya kwanza mutu alikuwa anajifunza namna ya mchezo wenyewe. Kama angehukumiwa siku ile ya kwanza, angehukumiwa vibaya.

Sisemi watoto wote ni sawa. Mumoja anashika mbio, mwengine polepole, na kipimo kizuri katika mikono ya mutu aliyejifunza kazi ile kinaweza kuonyesha shida mapema. Lakini poenti zinaonyesha mahali mutoto amefika leo. Hazielezi sababu, wala hazionyeshi mwisho wake.

Tena kuna mambo yanayoharibu akili, na tunaweza kuyazuia. Mama mwenye mimba akikosa iyodi, bongo la mutoto tumboni linaweza kuharibika. Basi tununue chumvi yenye iyodi. Risasi, ile madini, inapunguza akili ya watoto. Ku Kabwe, Zambia, mine ya risasi ilifungwa mwaka wa 1994, lakini mavumbi yake yamedhuru watoto mpaka miaka yetu hii. Sisi wa inchi ya mine, tusiache watoto wachezee mavumbi ya mawe, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Basi, kwa muzazi yule na kwa wote wenye ulizo lake, ninajibu hivi. Mbele ya kumutoa mutoto ku masomo, muulize kama anaona maandiko ya ubao, kama anasikia muzuri, kama anakwenda na njaa, kama anaelewa Kifaransa cha mwalimu. Kwenda kumuona mwalimu wewe mwenyewe. Kama feza inakosa kweli, kaa na wazee wa kanisa. Usiiweke shida ya feza juu ya kichwa cha mutoto. Na usimuite mujinga. Jina lile ataamini, na ataacha kujaribu.

Somea Kutoka sura ya 31. Mungu alimujaza Bezaleli akili, na akili ile ilikuwa ya mikono: kufanya kazi ya zahabu, feza na shaba. Hakuna karatasi ya poenti iliyoipima. Lakini Bezaleli alitengeneza vitu vya hema la Mungu kwa ufundi aliokomaa nao. Hakutupwa katika shimo akiwa mutoto.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Kila mutoto wetu anaweza kufanya nini muzuri?
2. Tunamuita nani majina mabaya?
3. Nani kati yetu anahitaji musaada mwaka huu, na nani atamusaidia?

Bwana awalinde mpaka mwezi ujao.